MaikroRNA na ubashiri wa mwenendo wa saratani

Wagonjwa wawili wa saratani ya utumbo mpana iliyo katika hatua ya pili, waliofanyiwa upasuaji wa aina moja, wanaweza kuachana njia kabisa: mmoja akapona, mwingine saratani ikajitokeza tena kwenye ini. Hadubini pekee mara nyingi haielezi tofauti hiyo, na ndiyo sababu sisi wa patholojia ya molekuli tumezigeukia maikroRNA.

Hivi ni vipande vya RNA vyenye nyukleotidi (vijenzi vya RNA) zipatazo 22, visivyotengeneza protini, bali hujibandika kwenye RNA mjumbe (inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) ya jeni nyingine na kuzuia protini yake isitengenezwe. Cha kwanza, lin-4, kilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo sana, na kazi hiyo iliwapatia Victor Ambros na Gary Ruvkun Tuzo ya Nobel mwaka 2024.

Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba wagonjwa wa saratani ya mapafu ambao uvimbe wao ulikuwa na maikroRNA iitwayo let-7 kidogo waliishi muda mfupi zaidi baada ya upasuaji. Mwaka uliofuata sababu moja inayowezekana ilijulikana: let-7 huzibana jeni za RAS, ambazo huisukuma seli igawanyike. Kwa utumbo mpana, utafiti ninaourejea mara kwa mara ni ule wa mwaka 2008 uliolinganisha wagonjwa wa Maryland, Marekani, na wa Hong Kong, ukakuta katika makundi yote mawili kwamba wingi wa maikroRNA iitwayo miR-21 uliambatana na vifo vingi zaidi, hata baada ya hatua ya ugonjwa kuzingatiwa. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa kuwa kipimo kinachorudia tu yale ambayo hatua ya ugonjwa imekwisha kutuambia hakimsaidii daktari wala mgonjwa.

Faida nyingine ni ya kimaabara. Kwa kuwa ni fupi, maikroRNA hustahimili formalini, dawa ya kuhifadhi tishu, kuliko RNA ndefu, hivyo tunaweza kupima vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye parafini (aina ya nta) miaka mingi iliyopita, vya wagonjwa ambao mwisho wao tayari unajulikana.

Damu ina hila zake. MaikroRNA hudumu vizuri katika plazma (majimaji ya damu), lakini chembe nyekundu zimejaa miR-16 na miR-451. Zikipasuka wakati wa kutoa au kusafirisha sampuli, matokeo huyumba. Mbaya zaidi, miR-16 ilitumiwa na wengi kama kigezo cha kulinganishia nyingine! Nadhani sehemu kubwa ya orodha za maikroRNA ambazo maabara moja huzitangaza na nyingine ikashindwa kuzirudia inatokana na uzembe wa namna hii.

Hata miR-21 yenyewe si rahisi kuitafsiri. Ukiipaka rangi moja kwa moja kwenye kipande cha uvimbe wa utumbo mpana, unaiona zaidi katika fibroblasti, yaani seli za tishu ya kushikilia, zinazozizunguka seli za saratani kuliko katika seli zenyewe, kwa hiyo anayesaga kipande kizima na kupima RNA yake huenda anapima kwa sehemu kiasi cha tishu hiyo ya kushikilia. Kwa sasa, uamuzi wa kumpa mgonjwa wa hatua ya pili dawa za kemotherapi baada ya upasuaji bado unategemea kina cha uvimbe, idadi ya tezi za limfu zilizochunguzwa na hali ya mfumo wa kurekebisha makosa ya DNA; miR-21 haimo katika ripoti zetu za kawaida.