Vitabu vya mwakani: yanayosemwa na yalivyo

Desemba ikielekea ukingoni, kila mtu ana orodha. Ikifika Machi hata aliyeiandika haikumbuki aliiweka wapi. Si uvivu; mara nyingi orodha yenyewe imejengwa juu ya maneno ya kusikia.

"Msomaji hasa humaliza vitabu 52 kwa mwaka."

Piga hesabu. Kitabu cha kurasa 200 kila wiki ni karibu kurasa 29 kila siku, na siku ya msiba imo, ya homa imo, na ile ya daladala ambamo hata bomba la kushika hulipati. Kurasa 10 tu kwa siku ni kurasa 3,650 kwa mwaka, yaani vitabu 18 vya ukubwa huo. Mimi hupanga 12 na nafasi sita naziacha wazi, maana kitabu kitamu huletwa na rafiki mwezi Juni bila taarifa.

"Riwaya za Kiswahili tulizimaliza shuleni."

Hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Tulichomaliza ni mtihani.

Mwaka jana nilinunua *Kuli* ya Adam Shafi kwa muuza vitabu aliyetandika turubai kando ya njia, kule Posta, Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyekuwa nayo kabla yangu ameijaza wino mwekundu: "dhamira", "tashbiha", "mhusika bapa", na mahali pamoja, kwa herufi kubwa, "LITAKUJA HILI". Mwanzoni niliyasoma zaidi maandishi yake kuliko hadithi. Baadaye nikayazoea kama mtu anavyozoea kelele za jirani, na ndipo nikawaona wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948: mizigo, ujira mdogo, hasira iliyokaa kooni siku nyingi. Yuko wapi hapo mhusika bapa, yule asiyebadilika mwanzo hadi mwisho?

Isitoshe, shule humpa mwandishi nafasi ya kitabu kimoja au viwili basi. Ukitaja Euphrase Kezilahabi, wengi watakujibu *Rosa Mistika* ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, na mazungumzo yataishia kwenye marufuku hiyo. Wangapi wameifungua *Nagona* ya 1990? Haifiki hata kurasa mia. Wanaodhani kitabu kinene ndicho kizito waanze nayo. Mimi nimeirudia mara mbili na bado kuna mahali inaniacha njiani.

"Tafsiri ni makapi, bora usome asilia."

Tafsiri mbovu zipo, tena nyingi. Lakini chukua Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobel ya fasihi mwaka 2021. Huandika kwa Kiingereza, ila katika *Paradise* ya 1994 baadhi ya maneno aliyaacha kwa Kiswahili, likiwemo "rehani", kwa sababu Yusuf, mtoto wa hadithi, anachukuliwa na tajiri kufidia deni la baba yake. Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa jina la *Peponi*, na Mkuki na Nyota wakaichapa mwaka 2022. Kwa msomaji wa pwani, hapo ni kama msafiri karudi kwao: neno "rehani" halihitaji tena kusimama peke yake katikati ya lugha ya watu.

"Ukianza kitabu, ukimalize."

Nani kakuapisha? Mimi hukipa kurasa 50. Kisiponishika, kinarudi rafuni bila kinyongo, na vingine nimevirudia baada ya miaka nikavipenda. Cha mtihani ndicho pekee kisichokupa hiari hiyo.

Ile *Kuli* yenye wino mwekundu sasa anayo binti wa jirani, yuko kidato cha tatu. Juzi kanisimamisha mlangoni: "Shikamoo mjomba. Hivi, ni kweli litakuja hili?"