Maktaba ipo, mbona kompaila inalia?

`fatal error: Python.h: No such file or directory`

Ukiuona mstari huu wa kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa) usiku wa manane, katikati ya `pip install`, amri ya kusakinisha maktaba za Python, lazima ushangae. Python si ipo? Umeifungua sasa hivi na imejibu.

Dhana: Maktaba ikishasakinishwa, kila kitu chake kimo.

Kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, maktaba (msimbo ulio tayari, unaotumiwa na programu nyingine) hukatwa vipande, kila kimoja kifurushi chake. Chukua OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, katika Debian 12: `libssl3` ina ile faili ambayo programu huisoma ikiwa inaendeshwa, basi. Faili za heda zinazokaa `/usr/include`, kiungo cha `libssl.so` kisicho na namba ya toleo, pamoja na maktaba ya `.a` (ya kuingizwa ndani ya programu yenyewe), vyote vimo ndani ya `libssl-dev`. Fedora, Linux nyingine, wao huandika `-devel`. Kivinjari chako hakina haja na heda hata moja. Anayezihitaji ni kompaila, maana humo ndimo yalimoandikwa majina ya funksheni na aina ya data inayopokelewa. Kwa hiyo Python yako haijaharibika. Unakosa `python3-dev` tu, kifurushi kinacholeta heda hiyo ya `Python.h`.

Dhana: Kila mfumo uko hivyo.

Hapana. Arch Linux huweka heda humo humo kwenye kifurushi cha maktaba. Apple nao, kuanzia macOS Mojave ya 2018, waliacha kuziweka `/usr/include` hata kwa aliyesakinisha zana zao za terminali. Zinakaa ndani ya SDK, yaani mkoba wa zana za watengenezaji programu.

Dhana: Heda hujaza diski.

Heda ni maandishi matupu. Vizito ni kompaila, maktaba za `.a` na alama za kudibagi, yaani za kusakia hitilafu.

Dhana: Mashine isiyo na kompaila haidukuliki.

Hii ina chembe ya ukweli, ila ya kale. Tarehe 2 Novemba 1988, mnyoo (programu inayojisambaza yenyewe) wa Robert Morris uliingia kwenye mashine za VAX na Sun kwa kutuma kiprogramu cha C cha mistari 99, kisha kikakompailiwa palepale kwenye mashine iliyovamiwa. Bila kompaila kisingefurukuta. Mdukuzi wa leo huja na programu iliyokwisha kompailiwa kwao, au anaazima Python na Perl alizozikuta. Kuondoa `gcc`, kompaila ya C, kwenye seva kunapunguza vitu vya kuchezea, ndiyo, lakini usilale mlango wazi kwa sababu hiyo.

Mimi naona mgawanyo huu ni sawa. Wengi wetu hatukompaili chochote mwaka mzima. Kinachonikera ni ule ukimya. Ukiandika `gcc` nayo haipo, Ubuntu inakutajia kifurushi cha kusakinisha. Heda ikikosekana, hakuna anayekuambia kitu. Dawa ipo, `apt-file search Python.h`, inayotaja vifurushi vyenye faili hiyo, na inajibu vizuri sana. Ila nayo `apt-file` haiji na mfumo: uisakinishe kwanza, halafu bando lipungue kidogo ikivuta orodha zake.