Kufiti vizuri sio ushahidi

Juzi tena mwanafunzi kaja na laptop, "dokta angalia, imefiti safi kabisa", naangalia naona sakiti ya kufikirika ya kuelezea data ya impidansi (ukinzani kwa umeme wa kwenda na kurudi, unaopimwa frikwensi moja moja), ina rizista tano na kapasita tatu, kwa kipande cha chuma kilichokaa tu kwenye maji ya bahari aliyochota Kigamboni. Jamani, mstari wa modeli kulala juu ya nukta za vipimo hakuthibitishi modeli! Ukizidi kuongeza vitu kwenye sakiti mstari utalala tu, hata kama kwenye chuma hakuna kitu kama hicho. Tena zipo sakiti mbili, moja vijozi vya rizista na kapasita vimefuatana, nyingine kijozi kimoja kiko ndani ya kingine, na zote zinatoa impidansi ileile kwa kila frikwensi, namba za ndani ndo zinatofautiana, sasa kompyuta itajuaje ipi ya kweli? Haijui. Utajua wewe uliyekitoa chuma ukakiangalia kina rangi au kina kutu.

Nikamwambia fungua safu ya makosa, yaani kiasi ambacho kila namba iliyofitiwa inaweza kukosea, rizista ya nne ikasoma oumu 300, kosa 900. Hiyo sio namba. Tukaitoa na kapasita yake, mstari haukusogea.

Halafu kwenye hezi 0.01 mzunguko mmoja tu unakula sekunde 100, na muda wote huo chuma kinaendelea kuliwa, kwahiyo pima Kramers-Kronig kwanza (jaribio la hesabu la kuona kama data inakubaliana yenyewe kwa yenyewe, chuma hakikubadilika katikati ya kipimo), ikifeli usifiti chochote, rudi usubiri volteji itulie.

Na hili nalisema kila mwaka: nenda Kariakoo nunua rizista ya kilooumu 1 na kapasita ya mikrofaradi 10, funga sambamba, pima. Nusu duara liwe na upana wa oumu 1000, kilele karibu na hezi 16. Usipopata hivyo shughulika na waya na mashine yako kwanza, chuma kisubiri.

Na haya ndo wanafunzi wananiambia: "Simulesheni inatosha, maabara ya nini?" Simulesheni inakurudishia dhana ulizoiingizia wewe mwenyewe, basi.

"Nalainisha data kwanza ndo nafiti." Acha, fiti data ghafi.

"Vilele vya voltamogramu (grafu ya karenti wakati volteji inapandishwa na kushushwa) vimeachana milivolti 150 badala ya 57 za nadharia, basi elektroni zinahama polepole." Karenti ya mikroampia 100 kwenye maji yenye ukinzani wa oumu 500 inakula milivolti 50, na inasukuma kila kilele upande wake. Punguza ferisianidi (kemikali inayopokea na kutoa elektroni kwenye kipimo hicho) iwe nusu, chumvi ya kupitisha umeme ibaki ileile, vilele vikisogeleana ujue ulikuwa unapima ukinzani wa maji.