Stempu za urafiki za 1965 hazina thamani ya mamilioni

Ujumbe unazidi kuzunguka kwenye magrupu: ukiwa na stempu ya zamani ya kuadhimisha urafiki wa mataifa, yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja, umekalia mamilioni. Si kweli. Zile za 1965, za Mwaka wa Ushirikiano wa Kimataifa, zenye alama ya mikono iliyoshikana, zilichapishwa kwa wingi ili zisambae. Wingi huo ulifikisha ujumbe wa amani mbali, na ndio unaoshusha bei.

Watu huchanganya uzee na uadimu. Ukitaka kujua thamani ya stempu, kagua meno ya pembeni, muhuri na gundi ya nyuma, kisha tazama bei iliyolipwa mnadani, si anayoitaja muuzaji.

Tafadhali msiusambaze ujumbe huo wa magrupu, mtu atabandua stempu kwenye barua ya marehemu babu yake bure.