Roboti ya Majini Si Nanga

"Mbona yaelea? Itieni jiwe!" Timu ya shule ikishusha roboti pale gatini Lamu, hakosekani mtu wa kupiga kelele hiyo. Vijana nao husikiliza, wanafunga vipande vya risasi vya kuzamishia mshipi: chubwi moja, chubwi ya pili, mpaka kifaa kinakwenda chini kama nanga na wote wanashangilia. Hapana, ndugu zangu. Kushuka ni kazi ya mota ya wima, ile inayoisukuma roboti juu na chini. Farumi, yaani uzito wa kutuliza chombo, kazi yake ni kusawazisha, roboti ikae pale ulipoiacha.

Ikiwa nzito, mota ya wima haipati kupumzika. Na umeme wake unatoka kwa betri iliyo juu: waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, kebo ya mita 15, kwenda na kurudi una ukinzani wa kama omu 1. Vuta ampea 5, na volti 12 za betri zinafika chini zikiwa 7. Juu ya hayo, propela inayopambana na uzito inasukuma maji chini, mchanga unatimka, kamera haioni kitu.

Fremu haina maneno mengi: paipu za PVC za nusu inchi, zitobolewe juu na chini, hewa itoke na maji yaingie. Usipotoboa, maji yatapenya kidogo kidogo kwenye viungio na hesabu itakuhama.

Boya ndilo linalonichosha. Watu hufunga chupa tupu ya maji ya nusu lita, wakiiona inaelea vizuri juu wanaridhika. Mita 4 chini, shinikizo ni kama mara 1.4 ya lile la juu; chupa laini inabonyea, hewa yake inabaki kama mililita 360. Gramu 140 za kuinua zimekwenda. Na kila inaposhuka inazidi kubonyea, inazidi kuwa nzito, kwa hiyo hakuna kina itakachotulia. Sponji laini lina ugonjwa huo huo. Chukua boya gumu la nyavu, au kipande cha PVC kilichozibwa kwa kofia na gundi ncha zote mbili.

Halafu chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina kama kilo 1.025. Roboti inayojaza nafasi ya lita 4 ikisawazishwa gatini, kisha ikapelekwa kwenye bwawa la maji matamu (na mashindano mengi ni ya bwawani), inapoteza gramu 100 za kuinuliwa. Inazama, na timu inalaumu mota! Utapunguza risasi gramu 110, si 100, kwa kuwa risasi nayo huwa nyepesi ikiwa majini. Ukitumia washa za chuma (vile vipete vya kuwekea boliti), ni kama 115.

Vitabu vinataka usawa kamili, isielee wala isizame. Mimi siutaki: acha gramu 20 au 30 za kuelea, umeme ukikatika irudi juu yenyewe. Maboya yawe juu, risasi chini, isiende mrama. Ila ukiyatenga mno maboya na risasi, roboti inakataa kuinamisha pua kuokota kitu, na kwa hilo sina kanuni zaidi ya kujaribu na kujaribu tena.

Bwawani, iloweke dakika kumi na uitikise, viputo vitoke, ndipo uguse farumi.