Pedi za mikrofaiba kwenye rangi ya gari: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Nianze na hii manake ndo inayoumiza magari ya watu: "mikrofaiba ni laini bwana, haiwezi kukwaruza rangi." Mtu anaishika pedi, ile inayofungwa kwenye mashine ya kupolishi gari, anaipapasa, anaona inafanana na lile taulo la kufutia gari, basi anaamini kabisa ni kitu cha kumalizia, cha kuleta mng'ao tu. Hapana jamani. Pedi ya kukata ni ya kukata kweli, yaani inasugua na kuondoa sehemu ya juu ya rangi. Nyuzi zake ni za polyesta na poliamaidi, nyembamba kuliko unywele na ziko nyingi mno, zile chembechembe za kompaundi, ile dawa ya kusugulia rangi, zinanasa kwenye nyuzi na kukaa pale juu, halafu zote zinapita kwenye rangi kwa pamoja. Pedi ya sponji ina vitundu, kompaundi nyingine inazama ndani inakaa bila kazi. Kwenye mikrofaiba inabaki usoni mwa pedi, na nyuzi zenyewe nazo zinasugua, yaani kompaundi ileile mashine ileile, ukitoa sponji ukaweka mikrofaiba kwa kawaida utaona inakata zaidi. Ulaini wa mkononi haukwambii chochote hapo.

Na kinachokatwa ni klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi. Kwa magari mengi yanavyotoka kiwandani klia ni kama mikroni 35 mpaka 50 hivi, unywele wa mtu ni kama 70, sasa fikiria kazi yote unaifanya ndani ya kitu chembamba kuliko unywele na ukishakitoa hakirudi. Klia hiyohiyo ndiyo yenye kinga ya jua, ukiipunguza unapunguza na kinga. Kwa hiyo anayesema atakuwa anapiga mikrofaiba kila baada ya miezi michache ili gari ling'ae, mimi namwomba sana asifanye hivyo, mara nyingi gari lake linahitaji kuoshwa vizuri na kupakwa waksi, sio kukatwa tena.

Watu wanajipa moyo na kile kipimo cha unene wa rangi. Ni kizuri, kuwa nacho, lakini vile vya kawaida vinakupa jumla tu, praima (ile rangi ya chini kabisa) na rangi na klia vyote pamoja, hakikwambii klia imebaki ngapi. Mlango uliowahi kupigwa rangi upya unaweza kusoma juu sana ukadhani una klia ya kuchezea, kumbe ni tabaka za chini. Kitumie kulinganisha sehemu na sehemu, kisikupe ujasiri wa kusugua.

Sasa hii ya "piga mara moja na mikrofaiba umemaliza." Inawezekana, siwezi kukataa, kwenye klia ngumu na kompaundi nzuri unaweza kutoka na rangi inayokubalika kabisa. Ila kwenye klia laini, hasa gari jeusi, pedi ya kukata inaacha ukungu. Washa tochi, isogeze pembeni taratibu usiielekeze moja kwa moja, utaona ile mikwaruzo mikubwa ya duara imeondoka lakini kuna vijistari vidogovidogo vingi vimejaa kama rangi imepigwa pumzi. Hapo ndo unaweka pedi laini ya sponji na polishi ya kumalizia. Na kabla hujahukumu futa mafuta kwanza, kompaundi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa muda, gari linatoka linametameta halafu likioshwa mara kadhaa mikwaruzo inarudi, mwenye gari anaona ameibiwa. Alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, unapulizia unafuta kwa taulo safi, ndo unaangalia.

"Kandamiza ndo ikate." Kwenye mashine ya DA, ile inayozunguka huku inatikisika, ukikandamiza sana pedi inaacha kuzunguka, inabaki inatetemeka palepale, inapika joto na kukata haikati. Chukua maka pen uchore mstari mmoja kwenye ukingo wa lile bamba la nyuma pedi inaposhikia. Ukifanya kazi uangalie huo mstari: ukiuona unapita unapita pedi inazunguka, ukiuona umesimama umekandamiza mno au umeilaza vibaya kwenye kona ya boneti. Kitu cha bure kabisa hiki na kinakufundisha kuliko maelezo marefu.

Lakini kama kuna dhana moja ningeomba iachwe leo, ni ile ya kudhani pedi inasafishwa mwisho wa kazi. Mtu anaanza na boneti, anaenda paa, anashuka milango yote na pedi ileile, ikipunguza kukata anaongeza kompaundi, ikipunguza tena anaongeza tena. Angalia hiyo pedi kwa karibu. Nyuzi zimelala, zimeshikana vifundo vifundo, katikati kuna utando mgumu mweupe wa kompaundi iliyokauka iliyochanganyika na unga wa klia uliyoitoa kwenye gari. Hiyo sio mikrofaiba tena, hakuna nyuzi inayofanya kazi hapo, unasugua gari na uchafu wa gari. Na ndo hapohapo watu wanasema pedi hizi mbovu, zinaacha mikwaruzo, zinatoa vumbi. Kila ukimaliza sehemu moja, namaanisha kipande cha kama sentimita 50 kwa 50, washa mashine ugusishe brashi ya nailoni kidogo huku pedi inazunguka, au pulizia hewa ya kompresa kutokea katikati kwenda nje, utaona vumbi jeupe linaruka na nyuzi zinasimama tena. Sekunde chache tu. Tena uwe na pedi kadhaa kwa gari moja, sio moja, manake hata ukiipiga brashi inabeba joto na unyevu, inahitaji kupumzika. Joto likizidi sponji ya ndani inalegea, gundi ya velkro inaachia, pedi inafunguka mashine ikiwa inazunguka.

Kuhusu kiasi cha kompaundi watu wako pande mbili na wote wanakosea. Wapo wanaomimina, pedi inalowa, inateleza juu ya rangi bila kukata. Wapo wanaoweka matone kwenye pedi kavu mpya na kuanza, sasa nyuzi zisizo na kompaundi zinasugua rangi kavukavu. Pedi mpya ilishe kwanza, paka kompaundi uso mzima uisambaze kwa kidole mpaka nyuzi zote zipate, futa iliyozidi, baada ya hapo matone matatu mpaka matano madogo kwa kila kipande yanatosha.

Rotari, ile mashine inayozunguka tu bila kutikisika? Kuna watu wanaifunga mikrofaiba kwenye rotari wakitafuta kukata zaidi. Pedi nyingi za mikrofaiba zimetengenezwa kwa DA, kwenye rotari joto linapanda haraka na rangi inaweza kuungua. Ukitaka rotari tumia pedi ya manyoya, na uwe unaijua hiyo mashine.

Kingo za milango na mistari ya bodi weka tepu, hapo klia huwa nyembamba zaidi. Bampa la plastiki nenda nalo taratibu, halisambazi joto kama bati, linachemka kabla hujajua, weka mkono mara kwa mara usikie.

Na ule mkwaruzo ukipitisha ukucha unakwama, acha kuufukuza. Hakuna pedi ya kuumaliza salama, utakachofanya ni kushusha klia yote inayouzunguka. Lainisha kingo zake usionekane sana kwenye jua, basi, au gari lipelekwe kwa fundi wa rangi. Najua mwenye gari anataka uishe kabisa, mweleze tu mapema kabla hujawasha mashine.

Kuosha pedi: sabuni ya maji ya kawaida na maji ya uvuguvugu, sugua kwa brashi, suuza mpaka maji yatoke safi. Usiweke ile dawa ya kulainisha nguo hata kidogo, inapaka nyuzi zinaacha kushika. Usiianike kwenye hita wala mashine ya kukaushia yenye moto mkali, nyuzi ni plastiki hizo, zikishaungua zinakuwa ngumu kwenye ncha na hapo itakwaruza kwelikweli. Kausha kivulini uso ukiangalia chini, ikikauka ipige brashi uiweke kwenye mfuko unaofungwa. Na ikianguka sakafuni ukiwa kazini usiikung'ute ukaendelea, weka pembeni mpaka ioshwe, chukua nyingine.