Kalipa huoza kutoka ndani

Nauza spea kuukuu za magari Kisumu, si mbali na soko la Kibuye. Mteja akiingia, cha kwanza anakwangua diski ya breki, ile sahani inayozunguka na gurudumu, kwa ukucha: "Fundi, hii imeshika kutu." Ni kweli, imeshika. Diski ni chuma cha kusubu; iache na maji jioni, asubuhi imegeuka rangi ya chungwa. Kutu hiyo nyembamba hainisumbui, maana pedi, vile vibao vinavyobana diski, huisugua ikaisha baada ya kukanyaga breki mara chache. Diski zangu nazikausha juani, nazipaka oili nyepesi, nazifunga kwa kaki na kuzilaza juu ya mbao. Sakafu ya simiti hupandisha unyevu, hasa mvua za Aprili zikianza. Siku ya kuifunga kwenye gari, ioshe oili yote, la sivyo utaharibu pedi.

Kinachoninyima usingizi ni kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski kwa nguvu ya mafuta ya breki. Mafuta hayo, ya aina za DOT 3 na DOT 4, hunyonya maji kutoka hewani. Sasa ng'oa kalipa, acha tundu la paipu wazi, uitupe rafuni. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya hivyo. Miezi minane baadaye nikaishusha, nje inang'aa, lakini pistoni, kile kipande cha ndani kinachosukuma pedi, imegoma. Ilipotoka kwa upepo wa kompresa nikakuta tope la kahawia, na pistoni ina vishimo kama vya ncha ya sindano, pale pale inapopita kwenye sili, raba inayozuia mafuta yasivuje. Iliishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

Siku hizi namwaga mafuta ya zamani yote, nasuuza ndani kwa mafuta mapya ya breki, kisha narudisha pistoni hadi mwisho ili uso wake ujifiche. Nafunga nipo, ile skrubu ya kutolea hewa, naziba tundu la paipu kwa kizibo cha raba. Na tafadhali, oili ya injini isiguse raba za kalipa! Kijana wangu alizipaka akidhani anazitunza. Zikavimba kama mandazi. Raba zina grisi yake.

Pedi hazina mengi: mahali pakavu, mbali na oili. Zikishalowa oili, tupa.

Kila kalipa naifungia kikadi chenye tarehe. Ikipitisha mwaka rafuni naifungua upya kabla ya kuiuza, hata mwenye gari akiwa nje anapiga honi.